Mgonjwa wa Mountain View

Nilienda zahanati kwa ajili ya macho. Tundu la sindano lilikuwa limeanza kunihepa. Nalamba uzi mara tatu, mara nne, na bado unapita kando. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kangemi, na fundi asiyeona tundu la sindano afadhali auze nyanya.

Sista aliyenipokea aliitwa Ivyne, msichana wa sauti ya chini. Hakuanza na macho. Aliniuliza kwanza kama kwetu nyumbani kuna mtu wa sukari. Nikamwambia alikuwepo, mume wangu, Mwau. Tulimpeleka kwao Makueni kumzika akiwa na mguu mmoja, na huu ni mwaka wa tatu. Akanitazama kidogo, akaniambia nirudi kesho asubuhi bila kutia chochote mdomoni. Nikarudi. Akanitoboa kidole, akaligusisha tone la damu kwenye kimashine chake, tukangoja pamoja kama watu wanaongoja uji uchemke.

Sita nukta sita, akasoma. Mizani nayo ilikuwa imesema kilo themanini na nne.

"Mama, huna ugonjwa wa sukari," akasema. "Lakini uko mpakani. Hapo ulipo unaweza kuvuka, na unaweza pia kurudi."

Nikamwomba anieleze hiyo habari ya kurudi. Akaniambia nipunguze sukari kwa chai, ugali uwe mdogo na mboga iwe nyingi, lakini kubwa zaidi ni kutembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki zisipungue, na kilo tano au sita zishuke. Alisema wengi wanaoshika hayo hawavuki. Nikamwambia miguu yangu inakanyaga cherehani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mazoezi gani tena hayo. Akatabasamu.

"Cherehani ndiyo inatembea, mama. Wewe umeketi."

Nikamuuliza nitajuaje kwamba mwendo unatosha. Akasema kipimo ni rahisi: nitembee kwa kasi ambayo naweza kuongea lakini nashindwa kuimba. Kisha nirudi baada ya miezi minne tupime tena.

Nikasema sawa. Sikumuuliza niongee na nani.

Naishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili nyuma ya soko, na kati ya chumba na chumba ni mabati matupu. Mwanangu Muli ni dereva wa lori za Malaba, hunipigia Jumapili akipata mtandao. Jirani yangu wa ukuta ni Peres, Mama Fidel, anayeuza mboga za kienyeji. Fidel wake alishaoa, yuko Busia. Kila asubuhi tukikutana na Peres mferejini tukiteka maji huniuliza nimelalaje nami humuuliza, na kuna siku hayo ndiyo maneno pekee ninayosema na mtu hadi mteja afike kibandani mchana. Silalamiki. Nasema tu ilivyo.

Lazima niseme pia habari ya Mwau, maana bila hiyo mtu hataelewa kwa nini nilifanya nililofanya.

Mwau alikuwa mlinzi wa mlango kwenye jengo la ofisi huko mjini. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akiandikisha wageni, miaka kumi na tisa. Akirudi jioni nilimwekea kiti chake dirishani na hakuinuka tena. Nilimletea maji ya kunawa, nikamletea chakula, nikamletea themosi ya chai, ile nyekundu yenye maua, na sukari mkononi. Hata redio nilimfungulia mimi. Mama yangu alinifunza kwamba mume akiinuka kujitafutia kitu nyumbani mwake, ni aibu ya mke. Mimi sikupata aibu hiyo hata siku moja. Wanawake wa kanisa walinisifu kwa hilo.

Alipoambiwa sukari imeanza, daktari alimwagiza atembee. Jioni moja akavaa viatu, akasimama mlangoni, akasema kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeomba kitu, "Ndunge, twende tukatembee."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Twende wapi?"

Akafikiri. Kweli hapakuwa na mahali. Akavua viatu akaketi, nami nikamletea chai. Hakuniuliza tena.

Kwa hiyo nilipotoka zahanati nilijua nitatembea. Nilimwambia Mungu hivyo asubuhi iliyofuata nikiwa bado nimepiga magoti: Bwana, hii miguu miwili uliyonipa nitaitumia.

Siku ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili. Kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeulizwa mara tatu. Peres mferejini, mama wa mandazi pale kwenye kona, na kijana wa bodaboda. Wote neno moja: unaenda wapi? Kwetu huku hilo si swali baya, ni salamu. Lakini linataka jibu. Mtu hutembea kwa sababu anaenda kazini, anaenda kanisani, anaenda matangani. Mtu mzima anayetembea bila kwenda mahali ni mwenye wazimu, au ni mwanamke mwenye jambo la kuficha. Nikajibu wote, "Hapa tu." Mjane anayetoka alfajiri akisema anaenda hapa tu, afadhali angenyamaza. Nilirudi nikakuta mama wa mandazi ananitazama viatu.

Na kuwaambia ni sukari sikutaka. Mwau alipopata sukari watu walianza kumsalimia kwa sauti ya hospitali. Kikundi cha akina mama kilikuja kumwombea, wakaomba Mungu ampokee, naye ameketi pale anakula ndizi. Wateja wangu wawili waliacha kuniletea nguo, sijui walifikiri sukari inashonwa ndani ya pindo. Nikajiambia, sitavishwa ugonjwa kabla haujafika.

Siku ya pili nilifunga kitambaa changu cha Jumapili, nikachukua kiondo, nikaweka ndani ile themosi nyekundu ya Mwau, tupu, kichwa chake kikichungulia nje. Peres akaniuliza.

"Naenda kumwona mgonjwa," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Akasema Mungu akutangulie. Mama wa mandazi akasema Mungu akutangulie. Kijana wa bodaboda akanipisha njia. Nami nikapita katikati yao na themosi tupu kama mtu aliyetumwa na kanisa zima.

Nilipanda kando ya Waiyaki Way mpaka Mountain View, nikaingia mtaani, nikazunguka zile nyumba za mageti meusi, nikatokea upande wa pili, nikashuka nyumbani. Wiki ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima, na kifua kilikuwa kinalia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Mle Mountain View nilikutana na watu wanaotembea kama mimi, wenye raba nyeupe na nyaya masikioni, mikono mitupu kabisa. Hakuna aliyewauliza kitu. Nilishangaa kwamba hata kutembea kuna wenyewe.

Kipimo cha sista nilikifuata. Nilianza wimbo wa sifa, na ubeti ukifika katikati pumzi ikakatika, nilijua mwendo ni sawa. Ubeti ukiisha vizuri, niliongeza hatua. Upande wa kuongea ulinisumbua zaidi. Kuomba siyo kuongea, kuomba unaweza kufanya kimya. Basi nikaanza kuongea na Mwau. Nilimwambia geti fulani limepakwa rangi, nilimwambia Muli amebadilisha lori. Nilimwambia, unaona, kumbe kulikuwa na mahali pa kwenda, ni huku. Hajibu, lakini hata akiwa hai hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wiki ya tatu, baada ya ibada, Veronicah alinishika mkono. Veronicah ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke mnene mwenye moyo mkubwa, na akikushika mkono hakuachilii mpaka amalize. Alisema amesikia kazi nzuri ninayoifanya kila asubuhi. Akauliza mgonjwa ni nani.

Nikasema ni mama mzee wa Mountain View, anaishi peke yake.

"Anaitwa nani, tumweke kwa maombi?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema Kalekye. Kalekye alikuwa nyanya yangu, aliyekufa nikiwa darasa la tano. Veronicah akaandika kwenye daftari lake. Akauliza anaugua nini, nikasema miguu. Akauliza kama tunaweza kwenda kumwona, nikasema hapendi watu wengi. Akaniachilia mkono, lakini macho hakuyaachilia.

Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kikombe kilipofika kwenye benchi letu nikakipitisha kwa Peres bila kunywa. Naye aliona.

Jioni zilizofuata ndizo zilizonichoma. Peres huomba kwa sauti, na mabati hayana siri. Nikiwa natia nguo vifungo nilimsikia anaanza na Fidel, kisha wajukuu, kisha rais, kisha sauti inashuka. "Bwana, mguse Kalekye. Yule mama hana mtu." Nilishikilia sindano hewani. Anamwombea nyanya yangu aliye mavumbini, na mimi mwenye damu ya sita nukta sita nimeketi hapa, hatua tatu kutoka kwake, kati yetu bati moja tu.

Ningeweza kugonga. Niliona asubuhi fulani kwamba hakuna harufu ya uji upande wake, wala siku iliyofuata, nikafikiri labda mafuta ya taa yamemwishia. Mimi ni mtu wa kuangalia, lakini mtu anayeficha huangalia yake tu.

Halafu ikaja Jumamosi ya wiki ya saba. Nilikuwa nimefungua mlango, kiondo mkononi, nikakuta wanawake tisa wamesimama uani, vitambaa kichwani. Mmoja ana unga, mwingine mchele, mwingine sabuni na leso mpya. Peres alikuwa na kopo la mayai aliyoyapanga ndani ya maganda ya mpunga yasivunjike. Veronicah akasema wamekubaliana leo wanifuate. Alisema mtu mwenye kazi ya Mungu hawezi kuachwa abebe peke yake.

Hapo ndipo ningesema. Lakini uani walikuwa wamejaa wapangaji na miswaki yao. Nikatoka. Wakanifuata.

Walikuwa wanaimba. Walikuwa wanaimba vizuri, beti nzima nzima, na jambo la ajabu, nilichofikiri kwanza ni kwamba tunakwenda polepole. Miguu ilikuwa imeshazoea, ikaongeza mwendo yenyewe. Tulipofika karibu na kituo cha Mountain View wimbo ulikuwa umebaki kwa wawili. Tulipoingia mtaani hakuna aliyekuwa anaimba.

Kwenye geti la kwanza jeusi Veronicah akauliza, "Ni hapa?" Nikasema mbele kidogo. Geti la kijani, akauliza mwingine, ni hapa? Nikatikisa kichwa. Tukapita nyumba yenye mbwa wawili, tukapita ile yenye maua ya zambarau. Askari wa mlangoni waliinuka kwenye viti wakitutazama, wanawake kumi na mizigo. Kila geti nilisema moyoni, hili ndilo nitasimama, nitageuka, nitasema. Na kila geti miguu ikapita. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua dakika hamsini.

Tulitokea upande wa pili, tukapinda, na tukajikuta tumesimama pale pale tulipoingilia. Veronicah aliona kibao cha duka tulichokuwa tumekipita. Aliweka mfuko wa unga chini, akaukalia.

"Mama Muli," akasema, akihema. "Tumezunguka."

Nikageuka. Nilitoa themosi kwenye kiondo, nikafungua kifuniko, nikaigeuza chini juu mbele yao. Halikutoka tone.

"Hakuna Kalekye," nikasema. "Hakuna mtu ninayempelekea chai. Sista alinipima sukari, iko mpakani, akaniambia nikitembea kila siku naweza kurudi. Nilitembea. Mkaniuliza naenda wapi, nikaona haya kusema siendi mahali. Nimemkosea Mungu na nimewakosea ninyi."

Magari yalikuwa yanapita. Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akaziba mdomo kwa leso ile mpya. Veronicah aliniuliza kwa nini sikusema, wangeniombea. Nikakumbuka maombi yao yale ya kwanza. Nilimwona Mwau na ndizi yake. Veronicah akasema tena, si kwa ukali, kwamba ameliandika jina kwenye daftari la kanisa kwa kalamu.

Peres alikuwa amesimama kando. Alikuwa ameshikilia kopo lake kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilifunga," akasema mwisho. "Siku tatu. Nilibeba mboga sokoni nikiwa nimefunga, kwa sababu ulisema hana mtu."

"Mama Fidel."

"Usiniite."

Akageuka akashuka barabara na mayai yake, peke yake, upande wa Kangemi. Nilitaka kumkimbilia, na sasa nilikuwa na pumzi ya kukimbia, lakini mtu hukimbilia nini.

Vile vitu havikurudi nyumbani. Veronicah aliwaongoza kwa mzee mmoja aliyepooza karibu na mto, mgonjwa wa kweli, nami nilifuata nyuma nikibeba unga. Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita na wazee wawili wa kanisa. Waliniambia nikae bila kushika kazi ya kikundi mpaka mwisho wa mwaka. Nilikubali. Niliketi benchi la nyuma, na nikiwa huko niligundua kwamba ukikaa nyuma unaona migongo ya watu wote wanaokujua.

Peres alibadilisha saa yake ya mfereji. Nilikuwa nikisikia ndoo yake saa kumi na moja, kabla sijafungua mlango. Jioni alikuwa bado anaomba, lakini kwa sauti ya chini, na hata nilipotega sikio sikupata majina. Nilimwekea samaki wa omena kwenye sahani mlangoni, sahani nikaikuta mlangoni pangu asubuhi, imefunikwa vilevile. Niligonga mara mbili kumwomba msamaha. Mara ya kwanza hakufungua. Ya pili alisema kupitia pazia kwamba amesikia, na kwamba kusikia na kupona moyoni ni vitu viwili.

Nilifikiri kuacha kutembea. Kwa siku nne niliacha. Niliketi kwenye kiti cha Mwau dirishani, nikajiwekea chai, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la sukari. Hapo nikajiona. Nilikuwa nimejiletea kila kitu karibu, kama nilivyomletea yeye. Ningekaa hivyo miaka michache, na hakuna mtu angeniuliza twende tukatembee.

Nikaosha themosi, nikaifunga kwenye karatasi, nikaipandisha juu ya kabati. Asubuhi nilitoka mikono mitupu, na kitambaa cha kawaida.

Mama wa mandazi akauliza naenda wapi. Nikasema siendi mahali, natembea, nimepimwa sukari iko mpakani. Alinitazama kama niliyemwomba mkopo. Wiki ile alinipa sauti ya hospitali, wiki iliyofuata akanizoea. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepata shida.

"Mathe, panda nikupeleke."

"Siendi mahali."

"Sasa huendi wapi na unakimbia hivyo?"

Nikamwambia sina jina la pale mahali. Akacheka. Tangu hapo kila nikipita huinua mkono na kusema, safari njema ya kutoenda. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu ya asubuhi.

Mlimani nilizidi kuongea na Mwau. Lakini kuna siku niligundua nimefika hadi ile nyumba ya maua ya zambarau bila kumwambia neno, kwa sababu niliyotaka kuyasema yalikuwa ya Peres. Kwamba bati lake upande wa choo limeanza kuvuja. Kwamba nimeona mboga ya managu imeota yenyewe kando ya ua wa watu, mbichi kabisa, na yeye angejua kama inafaa kuchumwa. Mambo madogo ambayo wafu hawayahitaji, ingawa jioni nikishona nilimwambia Mwau hayo hayo.

Miezi minne ikafika. Nilienda zahanati bila kula, nikaketi kwenye benchi na vidole vyangu mapajani. Sista Ivyne alinikumbuka. Alinipandisha kwenye mizani kwanza: sabini na nane na nusu. Kisha tone la damu, kisha kungoja. Niliomba, lakini sikuomba matokeo. Niliomba nisitetemeke.

"Tano nukta nane," akasema. Akanigeuzia kimashine nisome mwenyewe, na nilihitaji kukisogeza mbali na macho ndipo nione. "Mama, umerudi. Lakini usiketi. Ukiketi, barabara ile ile inakurudisha."

Aliniandikia kwenye kadi. Na macho, mwishowe, akaniambia ni umri tu, ninunue miwani.

Nilisimama nje ya lango la zahanati na ile kadi. Watu walikuwa wanapita na mambo yao. Nilimpigia Muli, simu ikasema hapatikani. Nilimwambia Mungu asante, na nilimaanisha, lakini Mungu alikuwa anajua namba kabla yangu. Nilitaka mtu ambaye hajui.

Nikatembea hadi nyumbani. Peres alikuwa ndani, pazia limeshuka, nilisikia anachambua mboga. Majani yana sauti yake yakivunjwa. Sikugonga. Nilisimama nje ya pazia, nikasema nimetoka kupimwa. Nikasema ilikuwa sita nukta sita, sasa ni tano nukta nane. Nikasema sikuja kuomba tena, nimekuja tu kusema, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kuambia.

Mkono wake ukasimama kuchambua.

"Ilishuka lini?" akauliza.

Nikasema sijui, pole pole, tangu nilipoanza. Hata wakati ule wa Kalekye.

Kuku wa mwenye ploti akapita miguuni pangu, akarudi.

"Basi sikufunga bure," akasema.

Pazia halikufunguka. Nilingoja kidogo, kisha majani yakaanza tena, nami nikaingia kwangu. Jioni niliketi nimeshika nguo ya mtu, bila kushona, nikitega sikio. Alianza na Fidel. Akaja kwa wajukuu. Halafu sauti ikashuka mno, na baada ya hapo sikupata neno hata moja. Sitasema nilisikia jina langu, maana sikulisikia.

Asubuhi niliamka, nikaomba, nikafunga raba zangu za mtumba. Nilifungua mlango saa kumi na mbili kama kawaida, nikijua mferejini hapatakuwa na mtu.

Peres alikuwa ameinama pale, mtungi wake ukijaa. Hakuinua uso. Nilipita nyuma yake taratibu, kama mtu anayepita karibu na ndege asije akaruka.

"Mama Muli," akasema, akitazama maji. "Unaenda wapi?"

Nikasimama.

"Siendi mahali, Mama Fidel. Natembea tu."

Akafunga mfereji.

"Haya," akasema. "Ukiona ile managu ya Mountain View, usichume ya kando ya mtaro."

Sijui nani alimwambia habari ya managu. Labda mabati yanapitisha sauti pande zote mbili, na mimi huongea na Mwau kwa nguvu kuliko nilivyodhani. Nikashika njia. Asubuhi ilikuwa baridi na barabara ilikuwa yangu peke yangu, kama siku zote. Nilipofika kwenye mlima nikaanza wimbo, ubeti wa kwanza, na katikati pumzi ikakatika.